Hesabu za Mafundi, Tangu Ifunda hadi Nkome

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike kurasa chache kwa ajili ya gazeti hili la mkutano wetu, nadhani alitazamia habari za mabweni, uji wa asubuhi na mchakamchaka. Mambo hayo wenzangu wanayaandika vizuri kuliko mimi. Mimi nimeona niandike habari za wale tuliosoma nao ambao hawaonekani sana kwenye mikutano hii. Tulipomaliza kidato cha nne, sisi wachache tulikwenda kidato cha tano na hatimaye Chuo Kikuu. Wao walianguka, na wengi wao waliangushwa na somo moja tu, Hisabati. Wakaenda vyuo vya ufundi kujifunza useremala, uashi, umeme na uchomeleaji. Na huko nako, juma la kwanza tu, mwalimu akaingia darasani akaandika ubaoni neno lile lile walilolikimbia.

Wala si habari ya shule yetu peke yake. Kwa miaka mingi ya kipindi cha 2012 hadi 2022, watahiniwa wa kidato cha nne waliofaulu Hisabati nchini kote walikuwa kama mmoja kati ya watano, na miaka mingine hawakufika hapo. Kwa hiyo mwalimu wa hesabu katika chuo cha ufundi hupokea darasa ambalo karibu lote limekwisha kuambiwa na Serikali, kwa maandishi, kwamba hesabu halizijui.

Mimi ni mzaliwa wa Nkome, wilaya ya Geita, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria. Kwa wasiokufahamu, Nkome ni mahali pa mwalo, pa dagaa na sangara na mitumbwi. Mmoja wa tuliokaa naye dawati moja alirudi Nkome baada ya miaka miwili ya chuo cha ufundi, akawa fundi wa mitumbwi. Mkono wake ni mzuri. Mtumbwi wake hauvuji. Mwaka mmoja nilipokwenda likizo nilimkuta amenuna. Alikuwa amezoea kuunda mtumbwi wa futi 20, ambao ulimla mbao 16. Akaja tajiri akataka wa futi 30, upana na kina navyo viongezwe kwa kadiri hiyo hiyo. Mwenzetu akafikiri: 20 kwenda 30 ni mara moja na nusu, basi mbao ni 24. Wakapatana bei, akapokea malipo ya awali, akaanza kazi. Mbao 24 zikaisha na mtumbwi ungali wazi. Ulikuja kuisha kwa mbao 36. Zile 12 za ziada alizinunua kwa fedha yake mwenyewe, kwa sababu neno la bei lilikuwa limekwisha kutoka, na faida ya miezi miwili ikaenda na maji.

Akaniuliza, "Ndugu yangu, wewe uliyesoma, kosa langu liko wapi?"

Jibu nitalieleza mwishoni, na ninyi wanafunzi mliopo sasa mnaweza kulitafuta kabla ya kufika huko. Kilichonisumbua mimi ni swali jingine. Mtu huyu alikaa katika madarasa ya hesabu miaka saba ya msingi, minne ya sekondari na miwili ya ufundi. Ilikuwaje miaka 13 yote ipite bila mtu kumfundisha jambo lile moja ambalo kazi yake ingelihitaji? Ili kulijibu hapana budi turudi nyuma kidogo.

Shule za ufundi za kwanza zenye mpango kamili katika Tanganyika ya Waingereza zilikuwa mbili. Ya Ifunda, mkoani Iringa, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika majengo yaliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ya Moshi ilifuata baadaye katika miaka hiyo hiyo. Kijana alisoma miaka mitatu shuleni, kisha akafanya miwili kazini chini ya uangalizi. Nafasi zilikuwa chache, kwa hiyo walioingia walikuwa wamechujwa, na hesabu zao zilikuwa za inchi na futi. Yafaa tukumbuke jambo moja ambalo husahauliwa: shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa ya senti 100 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, ambapo Mwingereza mwenyewe kwao alikuwa bado akihesabu peni 12 kwa shilingi. Basi fundi wa Ifunda alihesabu fedha zake kwa makumi, na mbao zake kwa nusu, robo, thumuni na sehemu za 16. Alikuwa na hesabu mbili kichwani, na alizimudu zote, kwa sababu kila siku alizishika kwa mkono.

Baada ya Uhuru shule hizo mbili zilifanywa shule za sekondari za ufundi, katika miaka ya 1960. Zilifuata nyingine, na kanda yetu ikapata Bwiru na Musoma. Lilikuwa jambo jema kwa taifa lililohitaji mainjinia. Lakini kwa upande wa fundi wa kawaida ngazi ilivutwa juu: masomo yakawa ya kumwandaa mwanafunzi kwa mtihani wa kidato cha nne, na aliyetaka kuwa seremala tu akabaki chini akiitazama. Huku kwetu, mgodi wa dhahabu wa Geita uliokuwa ukifanya kazi tangu miaka ya 1930 ulifungwa mwaka 1966, na karakana zake zikanyamaza nao.

Hapo ndipo linapoingia jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote katika habari hii, ingawa halikuitwa elimu ya ufundi. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Mwaka uliofuata, 1968, Serikali yetu ikishirikiana na UNESCO ilianzisha mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa Mwanza. Ulihudumia mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Geita ya wakati huo ilikuwa wilaya ya Mwanza, kwa hiyo wazee wetu wamo. Wakati huo takribani theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma.

Ubora wa mradi ule ulikuwa katika mpango wake. Mtu mzima hakuanza na herufi tupu wala na namba tupu. Alianza na kazi yake. Mkulima wa pamba alisoma kwa pamba, mvuvi kwa uvuvi, mfugaji kwa ng'ombe wake, na wa Bukoba kwa migomba. Kusoma, kuandika na kuhesabu viliwekwa pamoja na kazi katika somo moja, wala havikutengewa vipindi vyake. Mkulima aliyejifunza kugawanya alijifunza kwa sababu alitaka kujua kama mizani ya pamba ilimdhulumu. Mtu wa namna hiyo humhitaji mwalimu, na wala halazimishwi kuja darasani. Nimekulia miongoni mwa wazee waliopitia kisomo, na sikumwona hata mmoja aliyeziogopa hesabu. Walizifanya taratibu, wakikosea na kurudia, lakini bila ile hofu tuliyokuwa nayo sisi watoto wa shule.

Mradi ulikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mbinu zake zikaingizwa katika kampeni ya kisomo ya nchi nzima. Ajabu ni kwamba hazikuingia katika elimu ya ufundi, ambako zingefaa kuliko mahali pengine popote. Mwaka 1974 Bunge lilipitisha Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi. Vikajengwa vituo vya taifa, maarufu kikiwa kile cha Chang'ombe, Dar es Salaam, na majaribio ya ufundi yakapangwa kwa madaraja: la tatu, la pili na la kwanza. Katikati ya miaka hiyo hiyo vituo vya ufundi vya baada ya elimu ya msingi vilifunguliwa kando ya shule za msingi, navyo wazazi hawakuvipenda. Waliviona kuwa mahali pa watoto waliokosa sekondari. Tangu 1975 vikaja Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden, kimojawapo Sengerema, jirani zetu. Katika hivyo vyote ufundi ulifundishwa karakanani, na hesabu zikafundishwa darasani na mtu mwingine, kwa kitabu kingine. Mwaka 1994 ikapitishwa sheria iliyounda VETA, na baadaye ukaja mfumo wa kupima umahiri wa mtu, yaani anachoweza kutenda. Mfumo huo kwa maandishi ni mzuri sana. Lakini ukuta kati ya karakana na darasa la hesabu ulikuwa umekwisha kukauka.

Najua kwa sababu nilikaa upande mmoja wa ukuta huo. Mwaka 2005, nikiwa nimemaliza Chuo Kikuu na kungojea ajira, nilifundisha hesabu katika chuo kimoja cha ufundi. Sitakitaja, kwani hakikuwa kibaya kuliko vingine. Kipindi changu kiliwekwa Ijumaa mchana, wakati wanafunzi wamechoka na akili zao ziko kwenye usafiri wa kurudi nyumbani. Sikuwahi kuonyeshwa mpango wa masomo wa karakana, na sikuuomba. Hili la pili ni kosa langu mwenyewe.

Siku moja niliandika ubaoni 5½ ÷ 2. Darasa la vijana 30 likanyamaza. Mmoja akajibu 2½, mwingine 3. Nikaeleza: geuza kuwa sehemu guni, pindua kigawanyo, zidisha asili kwa asili na kiasi kwa kiasi. Wakaandika yote kwa utii, wala hawakuelewa hata moja. Jumatatu nilipita karakanani kuazima rula. Nikamkuta kijana yule yule wa "tatu" anatafuta katikati ya ubao wa inchi tano na nusu. Hakutazama popote. Akasema "mbili na robo tatu," akapiga alama kwa penseli, akaendelea na msumeno. Nikamwuliza amejuaje. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa amejuaje kutembea.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba jambo hili limechunguzwa kwingine. Huko Recife, nchini Brazil, watafiti walikwenda kwa watoto wanaouza nazi na matunda mitaani wakawauliza hesabu za bei kama wateja, kisha wakawapa hesabu zile zile kwa karatasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1985. Mtaani walipata kama 98 kati ya kila maswali 100. Kwenye karatasi, hesabu zikiwa namba tupu, walipata kama 37. Na karibu zaidi nasi, Paulus Gerdes, Mholanzi aliyefundisha Msumbiji tangu miaka ya 1970, alieleza jinsi wajenzi wa vijijini huko wanavyoweka msingi wa nyumba. Huchukua kamba mbili zenye urefu sawa, huzifunga pamoja katikati, kisha huzivuta mpaka ncha zikae sawasawa kwenye miti, na pembe nne za nyumba hutoka mraba. Mafundi wetu wa Geita hufanya jambo la jamaa hiyo hiyo kwa tatu-nne-tano: kamba ya hatua tatu upande huu, nne upande ule, na tano mshazari, basi kona imekaa skwea. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras. Wengi wao waliifeli katika kidato cha tatu.

Wapo wanaosikia habari hizi wakasema, basi fundi aachwe na hesabu zake za mkono, darasa la nini? Hapo siafikiani nao hata kidogo. Mkono hujua kile tu ulichokwisha kukifanya. Katika chuo kile nilikuwa na msichana wa ushonaji aliyekata sketi ya duara bila kosa kwa kina mama wa umbo la kawaida. Kanuni aliyofundishwa ilikuwa kugawanya kiuno kwa sita ili kupata nusu kipenyo, kisha "kupunguza kidogo". Hicho "kidogo" ndicho kilikuwa siri yote. Mgawanyo wa kweli ni kwa 6.28, yaani pai mara mbili. Kwa kiuno cha inchi 28, sita humpa karibu 4⅔, na kweli ni chini kidogo ya 4½. Asipopunguza sketi hulegea kwa zaidi ya inchi nzima. Alipoletewa kitambaa cha mama mnene sana, "kidogo" chake alichokizoea hakikutosha. Nilipomwonyesha ile 6.28 alikasirika, akaniuliza kwa nini hakuambiwa tangu mwanzo. Sikuwa na la kumjibu, kwani pai nilikuwa nimeifundisha wiki tatu kabla, kwa mduara mtupu uliochorwa ubaoni.

Tangu hapo nilihamisha vipindi vyangu. Mwalimu wa uashi, mzee mwenye busara, alinikubalia nisimame naye kwenye zege. Mchanganyiko ni 1:2:4, na mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa kama lita 35. Ndoo zetu ni za lita 20. Basi mchanga lita 70 ni ndoo tatu na nusu, na kokoto lita 140 ni ndoo saba. Wanafunzi waligundua wenyewe kwamba walikuwa wakitia ndoo tisa za kokoto, kwa mazoea. Uwiano walikuwa wameusoma tangu shule ya msingi bila hata siku moja kuuona. Kwa mabati tulizungumza kwa nini geji 32 ni nyembamba kuliko geji 28, jambo linalowadanganya wanunuzi wengi. Kwa mabomba tulikuta bado ni nusu inchi na robo tatu, ilhali nondo ni milimita 12 na 16, na fundi mmoja hutumia vyote siku moja. Nchi imepita kwenye mfumo wa mita, lakini duka la vifaa halikupita lote.

Lugha nayo ina mchango wake, ingawa sitaki kuingia katika mjadala ule mrefu. Mtoto alijifunza "asili" na "kiasi" kwa Kiswahili katika shule ya msingi, akafika kidato cha kwanza akaambiwa vitu hivyo vina majina ya Kiingereza, kisha akaja chuo cha ufundi akakuta mwalimu wa karakana anatumia majina ya tatu, ya mafundi. Niliwakuta vijana waliodhani ni mambo matatu tofauti. Siku nilipoyaandika majina yote matatu pamoja ukutani, kando ya ubao uliokatwa robo, watu walicheka kwa sauti.

Sijui kama tungekuwa tumefika mbali zaidi leo laiti mbinu za mradi wa Mwanza zingeendelezwa vyuoni. Naona dalili njema. Migodi mikubwa ilipofunguliwa tena katika ukanda wetu, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka uliofuata, ilihitaji mafundi wa umeme na mitambo wanaojua kukadiria, na mwaka 2009 kampuni za madini zikaungana na VETA katika mafunzo maalumu huko Moshi. Ilitubidi vijana wa Geita waende Kilimanjaro kujifunza kazi ya mgodi ulio nyumbani kwao. Sasa mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2012, nao una chuo chake cha ufundi stadi. Vile vile VETA imeweka utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza mitaani, bila kuwarudisha darasani kuanza upya.

Na haja ya hesabu haipungui. Soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo alikutana na mrabaha wa asilimia 6, ukaguzi asilimia 1 na ushuru wa huduma asilimia 0.3. Dhahabu ya shilingi 3,000,000 ilikatwa 219,000. Mtu asiyejua kuzijumlisha hizo alibaki kumwamini kila aliyeshika kikokotozi. Wengine bado huhesabu kwa tola, ambayo ni gramu 11.66, na gramu 35 ni tola tatu kamili ukiacha vumbi. Hayo ni mambo ya kufundishwa asubuhi mwanafunzi akiwa na nguvu zake, wala si Ijumaa mchana.

Nirudi kwa mwenzetu wa Nkome. Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikamwomba vipande viwili vya mbao. Kimoja tulikichora mraba wa inchi mbili kila upande, cha pili mraba wa inchi tatu, yaani mara moja na nusu. Kisha tukavigawa vyote katika miraba midogo ya inchi moja. Akahesabu cha kwanza: minne. Akahesabu cha pili: tisa. Akarudia kuhesabu.

"Ubao haufuati urefu peke yake," akasema. "Unafuata na kimo."

Nikamwambia ndivyo, moja na nusu mara moja na nusu ni mbili na robo, na 16 mara mbili na robo ni 36. Akakaa kimya, akiutazama mtumbwi mkubwa uliokuwa majini. Kisha akauliza ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: kama mbao zimekuwa mbili na robo, mzigo utakaobebwa je? Tukachukua udongo wa mfinyanzi tukafinyanga vijisanduku. Ilitoka mara tatu na zaidi kidogo. Akasema basi bei yake ya safari ijayo haitatokana na mbao. Atamwuliza tajiri anataka kubeba magunia mangapi ya dagaa, aanzie hapo.